Siku tisa nikizitafuta ndege za sitaha

Siku ya kwanza: New York

Nimekuwa fundi wa ndege za abiria kwa miaka 31, na muda wote huo sikuwahi kushika hata bolti moja ya ndege ya kivita. Nilizijua kwa picha na kwa vitabu vya ufundi vya kuazima. Mwaka huu nimestaafu. Mpwa wangu anayeishi huku Marekani aliponiuliza ningependa kuona nini kabla baridi haijaingia, jibu lilinitoka bila kufikiri: ndege za kivita za jeshi la majini zilizostaafishwa, hasa Tomcat. Alinitazama kidogo, akaenda kuomba likizo.

Tumeanzia Intrepid, manowari ya kubeba ndege iliyoingia kazini mwaka 1943, ikapigana Bahari ya Pasifiki, na tangu 1982 ni makumbusho kwenye gati la mto Hudson, katikati kabisa ya jiji. Unapanda ngazi, unapita hanga, kisha unatokea juu kwenye sitaha, upepo wa mto unakupiga usoni na majengo marefu yamekuzunguka. Ndege zimepangwa kama zinasubiri zamu.

Tomcat ya hapa ni ya saba kutengenezwa. Jina lenyewe maana yake ni paka dume. Kampuni ya Grumman ilikuwa na mazoea ya kuzipa ndege zake za majini majina ya ukoo wa paka, tangu Wildcat na Hellcat za Vita Kuu ya Pili. Nilitegemea ndege kubwa, lakini sikutegemea kubwa kiasi hiki. Injini mbili zimeachana hivi kwamba katikati yake pangeweza kulala watu wawili, na mikia miwili imesimama juu ya kichwa changu kama milango ya ghala.

Jambo lililonifanya nisimame hapo muda mrefu ni injini. Tomcat za mwanzo zilipewa injini aina ya TF30, ambayo haikuvumilia hewa iliyovurugika. Rubani akiinua pua kwa ghafla au akigeuza kwa nguvu, hewa inaingia kombo, kompresa, yaani sehemu inayoshindilia hewa, inapoteza mkondo, na injini inazima mkono mmoja huku ya pili ikiendelea kusukuma. Kwa kuwa zimeachana mbali, ndege inaanza kuzunguka yenyewe. Marubani waliishi na kasoro hiyo miaka mingi, na baadhi hawakurudi. Ndege hii ninayoitazama ndiyo iliyotumika mwaka 1981 kujaribu injini mpya ya General Electric, na katika majaribio hayo ndimo ilimozaliwa F110, injini iliyowekwa baadaye kwenye Tomcat za aina ya B na D. Kibao chake nimekisoma mara mbili. Watu walikuwa wanapita wakipiga picha za pua na kwenda zao.

Hatua chache kutoka hapo kuna Étendard, ndege ya kivita ya Kifaransa. Mdogo wake, Super Étendard, alistaafishwa na Ufaransa mwaka 2016. Mpwa wangu aliuliza kwa nini Mfaransa yuko kwenye meli ya Kimarekani. Nikamwambia sijali yuko kwa nani, mradi kuna paa la kumfunika siku moja, maana hewa ya maji inakula chuma.

Siku ya pili: Long Island

Tumekodi gari asubuhi. Cradle of Aviation iko Garden City, mwendo mfupi tu kutoka Bethpage kulikokuwa na makao ya Grumman. Marubani wa majini waliiita kampuni ile karakana ya chuma, kwa sababu ndege zake zilirudi zimetobolewa na bado zikatua. Hellcat peke yake zilitoka humo zaidi ya 12,000 ndani ya miaka michache ya vita.

Ndani ya makumbusho kuna Tomcat ya tatu kutengenezwa, kongwe kuliko zote zilizobaki duniani. Nilimwomba mpwa wangu anishikie koti, nikainama kuangalia pale mbawa zinapoingilia mwilini. Hapo ndipo penye moyo wa ndege hii. Mbawa zake hazikukazwa mahali pamoja: zikiwa mbele kabisa zina nyuzi 20, zikivutwa nyuma angani zinafika nyuzi 68, na zikiwa sitahani zinarudishwa hadi 75 ili ndege ichukue nafasi ndogo. Uzito wote wa ubawa, na kila mvuto wa kona kali, unabebwa na pini mbili zilizofungwa kwenye sanduku moja la titaniamu. Grumman waliliunga sanduku hilo kwa mwale wa elektroni ndani ya chumba kisicho na hewa, kwa sababu titaniamu ya moto ikigusa hewa inaharibika. Nimechomelea vyuma vingi maishani. Kazi kama ile nisingethubutu.

Nani alikuwa anaamua mbawa ziende mbele au nyuma? Rubani aliweza, lakini kwa kawaida ilikuwa kompyuta. Ndani ya Tomcat kulikuwa na kompyuta ndogo iliyopima kasi na urefu na kupeleka amri kwenye mbawa, na chipu zake zilikamilika mwaka 1970, mwaka mmoja kabla ya Intel kuuza chipu yake maarufu ya 4004. Jeshi liliifanya siri. Mhandisi mmoja wa kazi ile, Ray Holt, aliruhusiwa kuizungumzia hadharani mwaka 1998 tu. Wataalamu hadi leo wanabishana kama inastahili kuitwa mikroprosesa ya kwanza, yaani ubongo wa kompyuta kama ule ulio ndani ya simu. Mimi ninachokiona ni kwamba watu wanaotembea na simu mfukoni wanapita mbele ya hii ndege bila kujua kwamba wana undugu nayo.

Mchana tumeendelea mashariki hadi Calverton, karibu mwisho wa kisiwa, kulikokuwa na kiwanda cha kuziunganisha na kuzirusha. Kando ya barabara kuna bustani ya kumbukumbu ya Grumman, na Tomcat imesimamishwa juu ya nguzo kana kwamba inaondoka. Kwenye anga hii ndipo iliporuka ya kwanza, tarehe 21 Desemba 1970. Siku tisa baadaye, tarehe 30, ndege ileile ilianguka karibu na uwanja ikirudi kutua. Sababu yake kila fundi anapaswa kuijua: mabomba ya haidroliki ya titaniamu yalitetemeshwa na pampu kwa mdundo uleule uliolingana na mtetemo wake yenyewe, yakachoka, yakapasuka. Mafuta ya haidroliki yakaisha, na usukani ukafa. Marubani wawili waliruka na viti vyao na kuokoka. Mmoja wao, William Miller, alikufa mwaka 1972 katika Tomcat nyingine.

Nimekaa kwenye benchi la bustani ile muda mrefu. Mpwa wangu alikuja akanipa chai ya kwenye kikombe cha karatasi.

"Mjomba, umechoka?"

Nikamwambia hapana, ninafikiria bomba. Kazi yangu ya kwanza kabisa, nikiwa kijana mwanagenzi, ilikuwa kupitisha kidole kwenye mabomba ya haidroliki kutafuta unyevu. Mkuu wetu alitufundisha kwamba bomba linalovuja linakuonea huruma, linakuambia mapema. La hatari ni lile kavu linalotetemeka.

Kwa jumla zilitengenezwa Tomcat 712. Nyingi zilipita kwenye njia ya kurukia ya Calverton. Waziri wa Ulinzi wa wakati ule, Dick Cheney, alikata mpango wa kuendelea na aina ya D, ya mwisho ikatoka kiwandani mwaka 1992, na miaka michache baadaye malango yakafungwa. Leo kuna nyasi, miti, na ndege moja juu ya nguzo.

Siku ya tatu

Tumerudisha gari, tukapanda treni kwenda Washington. Mvua njia nzima. Nimelala hadi Baltimore.

Siku ya nne: Chantilly, Virginia

Jumba la Udvar-Hazy liko karibu na uwanja wa ndege wa Dulles. Ni tawi la makumbusho ya Smithsonian, na kuingia ni bure, unalipia kuegesha gari tu. Ndani kuna kila kitu, hata chombo cha anga za juu Discovery, lakini mimi nilikuwa na miadi na Tomcat moja, namba 159610.

Tarehe 4 Januari 1989, Tomcat mbili kutoka manowari ya John F. Kennedy zilikutana na MiG-23 mbili za Libya juu ya Mediterania. Mawasiliano yao ya redio yamesikilizwa duniani kote. Unasikia pumzi za watu kuliko maneno. MiG zote mbili zilianguka. Moja ya Tomcat zile ni hii. Baadaye ilirudishwa kiwandani, ikavuliwa, ikavalishwa injini mpya na vifaa vya kidijitali, ikawa aina ya D. Ikaendelea kufanya kazi hadi safari ya mwisho kabisa ya Tomcat za Marekani, na kutoka hapo ikaja moja kwa moja kuwekwa humu. Ubavuni ina rangi za kikosi cha 31, na kwenye mkia yule paka wa katuni, Felix, amekumbatia bomu lenye utambi unaowaka.

Kuna jambo watu hawalipendi kuambiwa kuhusu ndege hii. Ilijengwa kwa ajili ya vita moja ambayo haikutokea. Kazi yake ilikuwa kuzuia ndege kubwa za mabomu za Kisovieti zilizobeba makombora ya kuzamisha meli, kabla hazijafika pa kurushia. Ndiyo maana ilipewa rada ya AWG-9 iliyoweza kufuatilia shabaha 24 kwa wakati mmoja, na kombora la Phoenix lenye uzito wa karibu kilo 450 lililofika zaidi ya kilomita 150. Ingeweza kubeba sita na kuyaelekeza yote sita kwa shabaha tofauti. Lakini ikirudi nayo yote, inakuwa nzito mno kutua melini kwa usalama, kwa hiyo kwa kawaida ilibeba machache. Jeshi la majini la Marekani halikuwahi kuangusha ndege hata moja kwa Phoenix. Hesabu nzima ya Tomcat za Marekani angani ni tano: Su-22 mbili za Libya mwaka 1981, hizi MiG mbili, na helikopta moja ya Iraki mwaka 1991.

Wapo wanaosema basi ilikuwa fedha ya bure. Mimi sioni hivyo. Mlinzi wa geti ambaye hajawahi kupigana hata usiku mmoja huwezi kusema hakufanya kazi.

Kilichoiondoa, hata hivyo, ni karakana. Kila saa moja ya kuruka, Tomcat ilidai takriban saa 50 za mafundi. Isome tena hesabu hiyo ukiwa fundi. Ndege inaruka saa mbili, inawaachia vijana wa chini ya sitaha saa mia za kazi kwenye hanga la joto, meli inayumba, taa hafifu, mikono ndani ya shimo usiloliona. Vita Baridi ilipokwisha, wakaifundisha kazi mpya: mwaka 1996 ilianza kubeba kifaa cha kuongozea mabomu kwa leza, na ikaja kuwa hodari kwa hilo, huko Balkani, Iraki na Afghanistan. Lakini kwenye sitaha hiyohiyo palikuwa tayari na ndege nyingine ya kivita, Hornet, na pakaja Super Hornet, ambayo inadai sehemu ndogo tu ya saa hizo. Kamanda yeyote angechagua ile inayoruka kesho asubuhi.

Mpwa wangu alinipiga picha mbele ya gurudumu la mbele. Nimeiangalia usiku huu. Nimesimama wima kama niko kwenye gwaride.

Siku ya tano: Virginia Beach

Kutoka Washington tumeendesha saa nne, tukapita karibu na Norfolk ambako manowari zenyewe hufungwa, hadi nje ya Oceana, kambi ya ndege za majini. Ndani hatukuingia, ila kando ya barabara ya Oceana kuna bustani ya kumbukumbu ambayo kutoka hapo unaona njia ya kurukia. Tumesimama na watu wengine sita hivi, mmoja na mtoto mwenye vizuia sauti vya masikioni.

Hapa ndipo palipofanyika sherehe ya kuiaga Tomcat, tarehe 22 Septemba 2006. Kabla ya hapo, tarehe 28 Julai, manati ya mvuke ya manowari ya Theodore Roosevelt ilikuwa imeirusha Tomcat kwa mara ya mwisho. Na tarehe 4 Oktoba moja iliondoka hapa Oceana, ikaruka kaskazini na kutua Farmingdale, Long Island, kilomita chache kutoka Bethpage. Ilirudishwa kwao. Aliyepanga safari ile alikuwa na moyo.

Super Hornet mbili zimeondoka sambamba, kifua changu kikatetemeka. Vikosi vyenyewe havikufa. Kikosi cha 31 chenye Felix, cha 213 chenye simba weusi, cha 103 chenye fuvu na mifupa, vyote sasa vinarusha Super Hornet na alama zao zilezile mkiani. Baharia wa miaka kumi na tisa anapaka rangi paka ambaye babu yake pengine alimpaka kwenye ndege nyingine.

Na Hornet za kwanza nazo zimeshaondoka. Ya mwisho ya jeshi la majini aina ya C, namba 300, iliyopokelewa mwaka 1988, iliruka rasmi kutoka hapa tarehe 2 Oktoba 2019 ikisindikizwa na Super Hornet tatu, kisha ikaenda kufunguliwa vipuri. Marines, askari wa majini wanaopigana pia nchi kavu, bado wanazo chache. Hakuna aliyezililia kama zilivyoliliwa Tomcat, na sioni haki hapo. Hornet ilikuwa rafiki wa fundi: injini yake hutoka na kurudi upesi, milango ya ukaguzi iko usawa wa kifua.

Siku ya sita

Norfolk hadi San Diego, kwa kubadilisha ndege njiani. Siku nzima imeishia viwanjani.

Siku ya saba: San Diego

Midway, manowari nyingine ya kubeba ndege. Nimeingia saa nne asubuhi na kutoka wakati wa kufunga.

Iliingia kazini Septemba 1945, vita ikiwa imekwisha siku chache tu, ikatumika hadi 1992. Tangu 2004 ni makumbusho. Ukubwa wake kwa kuitazama gatini unatisha, lakini ukisimama kwenye sitaha na kuwaza ndege inatua hapa, inageuka kuwa ndogo kama meza.

Wazee wa kujitolea wapo kila kona, wengi wao walihudumu baharini. Mmoja alikuwa fundi wa sitaha, na tulipofahamiana kazi zetu alinishika mkono akanipeleka kwenye nyaya za kusimamishia. Alinieleza kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo. Ndege inakuja na mwendo wa kilomita 240 kwa saa hivi, haipunguzi mwisho kama ndege zetu za abiria, inabwagwa. Ndoano ya mkiani inanasa waya, na ndani ya sekunde mbili tatu imesimama. Magurudumu yakigusa tu, rubani anasukuma injini hadi mwisho, kwa sababu ndoano ikikosa waya anatakiwa awe na nguvu ya kuondoka tena. Kwa hiyo ndege inavutwa nyuma na waya huku injini zinaivuta mbele. Nilimuuliza anachokikumbuka zaidi. Alisema harufu, na usiku ambao mtu aliyetarajiwa hakutua.

Hapa ndipo nilipoelewa kikamilifu jinsi umri wa ndege hizi unavyohesabiwa. Ndege yangu ya abiria inaweza kuishi miaka 30 ikitunzwa. Hizi hazihesabiwi kwa miaka. Zinahesabiwa saa, marusho ya manati na mitego ya waya, na kila mmoja una daftari lake. Hornet za kwanza zilitengenezwa kwa saa 6,000. Zilipofika huko na ndege za kuzirithi hazijawa tayari, jeshi likazifungua, likatafuta nyufa kwa mashine za kuonea ndani ya chuma, na kuzisogeza hadi saa 8,000, nyingine zaidi. Kwa baadhi yao walikata ndege katikati na kubadilisha pipa la kiwiliwili, ile sehemu inayobeba mbawa na magurudumu. Kazi hiyo ilifanyika ng'ambo ya maji haya, kwenye karakana ya North Island, ninayoiona kutoka hapa kwa macho yangu pamoja na manowari ya leo iliyofungwa gatini. Kumkata mnyama kiuno na kumpa kiuno kipya ili arudi kubebwa kwa manati. Vijana wale wangestahili sanamu.

Kwenye sitaha kuna Phantom, ndege ya kivita iliyotangulia Tomcat, na hapa ni nyumbani kwake. Phantom ya Midway iliangusha MiG ya kwanza iliyothibitishwa ya vita ya Vietnam tarehe 17 Juni 1965, na nyingine ya meli hiihii ikaangusha ya mwisho tarehe 12 Januari 1973. Machi 1986 Phantom za mwisho za vikosi vya majini ziliondoka kwenye sitaha hii, zikaja Hornet.

Kuna Tomcat pia, imepakwa vizuri, na foleni ya wapiga picha ni ndefu. Ukweli ni kwamba Tomcat haikuwahi kupangiwa kazi Midway. Meli ilikuwa ndogo kwake. Ndiyo maana Phantom zilikaa hapa hadi zikazeeka, wakati meli kubwa zilikuwa zimeshaziacha. Mzee wangu alilieleza jambo hilo kwa kila aliyekuja, kwa upole, akiwaonyesha Phantom. Nilimpenda kwa hilo. Alikuwa anamtetea aliyefanya kazi.

Jioni tulikaa ukingoni tukitazama bahari. Nje ya pwani hii, tarehe 25 Oktoba 1994, Kara Hultgreen alikufa akikaribia kutua kwenye manowari ya Abraham Lincoln. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kurusha ndege za kivita kutoka manowari za Marekani. Injini ya kushoto, TF30, ilizima kwenye kona ya mwisho. Aliyekaa nyuma yake alitoka kwanza na kupona; sehemu ya sekunde baadaye, kiti cha Hultgreen kilimtoa ndege ikiwa imeshapinduka. Yalisemwa mengi mabaya juu yake kwa sababu tu alikuwa mwanamke, na marubani wanaume walikuwa wameshapotea kwa injini hiyohiyo bila mtu kuuliza kama wanaume wanaweza kuruka.

Siku ya nane: barabarani

Saa sita za gari kuelekea mashariki. Milima ya mawe, kisha vilima vya mchanga kabla ya Yuma, kisha tambarare na mimea mirefu ya kaktasi yenye mikono. Midomo ilitukauka. Ukavu huo ndio sababu ya sisi kuja.

Siku ya tisa: Tucson

Asubuhi tumezunguka Pima, makumbusho makubwa ya jangwani, nyingi ya ndege zake zikiwa nje juani. Tomcat ipo. Injini hamna, na ukichungulia sehemu fulani unaona mahali pa vitu vilivyotolewa.

Ng'ambo ya barabara ni kambi ya Davis-Monthan, na ndani yake ile ghala ya ndege iliyoanzishwa mwaka 1946, yenye ukubwa wa hekta elfu moja na zaidi. Udongo wake ni mgumu kama saruji, ndege inaegeshwa bila lami, na mvua ni chache. Ndege ikiletwa inaoshwa, na za majini zinaoshwa kwa bidii zaidi ili kutoa chumvi. Mafuta yanatolewa, mafuta mepesi ya kuhifadhia yanapitishwa kwenye mabomba, nafasi zote za juu zinazibwa, kisha kioo na mgongo vinapuliziwa utando mweupe unaorudisha jua. Nyingine zitaamshwa siku moja. Nyingi zitatoa vipuri kidogo kidogo hadi zibaki mbavu.

Tomcat za hapa hazikupewa hata hilo. Kabla ya mapinduzi ya 1979, Iran iliagiza 80 na kupokea 79, na baada ya 2006 ikabaki nchi pekee inayozirusha. Marekani ikaogopa kwamba vipuri vyake vilivyokuwa vinauzwa kama ziada ya jeshi vingefika Tehran. Mwanzoni mwa 2007 uuzaji ukasimamishwa, na kiangazi cha mwaka huo mashine zikaanza kuzikata ndege zenyewe. Sheria ya kupiga marufuku uuzaji ikafuata mwaka 2008. Zile pini za mbawa, lile sanduku la titaniamu lililoungwa bila hewa, vikapita kwenye meno na kutoka vipande.

Nilikuja Marekani nikiwa na hasira juu ya jambo hili. Nimeifikiria tangu San Diego. Sababu yao ninaielewa, maana fundi mzuri akipata sanduku la vipuri anaweza kuifufua ndege iliyokufa miaka kumi, na Wairani ni mafundi wazuri, wamelithibitisha hilo. Lakini ninaona wangeweza kuacha nyingi zaidi, tupu, zenye mifupa mitupu, ili kijana wa ufundi aingize kichwa na kuona jinsi ubawa ulivyoshikwa. Picha haifundishi hilo.

Jua lilipoanza kushuka tuliendesha kwenye barabara ya Kolb, inayopita katikati ya eneo, na uzio kila upande. Mpwa wangu alipunguza mwendo kadiri alivyoruhusiwa. Safu za ndege za mizigo, safu za helikopta, kisha kwa mbali safu ya Hornet, vichwa vimefunikwa utando mweupe.

"Mjomba, hizo mbona zimekunja mbawa?"

Nikageuka kuangalia. Kweli, ncha za mbawa zilikuwa zimesimamishwa juu, vile zinavyokunjwa ndani ya hanga la meli ili ipatikane nafasi ya nyingine ubavuni. Kulikuwa na jangwa tupu hadi milimani. Nikamwambia ndivyo zilivyozoea kulala, akaendesha polepole hadi uzio ukaisha.